Ziwa Chala, kati ya "yana wenyewe" na "hamna mamba"

"Hamna mamba pale, walishaisha zamani."

Hii sentensi niliisikia mara nne siku moja, kabla hata sijayaona maji yenyewe. Wa kwanza alikuwa jamaa wa bodaboda pale Holili, wa pili dada aliyetuuzia ndizi, wa tatu mpita njia aliyedandia mazungumzo yasiyomhusu, na wa nne binamu yangu, ambaye hajawahi kukanyaga Chala toka azaliwe ila kwa kuwa ameshaisikia kwa watu watatu basi na yeye akawa anaisema kwa kujiamini kama mtu aliyewahesabu mamba mmoja mmoja na kuwazika kwa mkono wake. Huyo binamu ndiye aliyebeba taulo na kaptula ya kuogelea. Mimi nilibeba maji ya kunywa na woga wangu.

Nimekaa na hiyo sentensi muda sasa na naona kisa chote cha Chala kimo humo humo. Watu wakilielezea hili ziwa wanapenda mizimu, ng'ombe wanaolia chini ya maji, shimo lisilo na mwisho, sawa, na mi napenda hizo stori kuliko wengi, ila ukizipanga zote mezani moja moja utakuta za mizimu zilikuwa zinawatoa watu majini. Iliyowaingiza ni hii mpya, fupi, isiyo na shetani wala joka, inayosemwa mchana kweupe na mtu anayekuangalia usoni.

Kwa asiyepajua: Chala ni ziwa lililokaa ndani ya kreta upande wa mashariki wa Kilimanjaro, mpaka umepita katikati ya maji, huku Rombo kule Taveta, ukiogelea kwa bidii unaweza kuingia Kenya bila pasi. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 4.2 na liko mita 880 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna mto unaoingia, hakuna mto unaotoka. Ukiwa njiani huoni dalili ya ziwa kabisa, unaona mashamba ya mahindi na alizeti, mibuyu, vumbi, halafu kilima cha kawaida tu ambacho usingekipa macho mara mbili, unapanda, unapanda, na pale ambapo kichwa chako kinategemea kuona upande wa pili wa kilima unakuta ardhi imekatika na chini huko kuna maji ya bluu yametulia tuli. Kuta za ndani zimesimama, zimefunikwa na msitu wa miti ya ukame iliyosongamana, mizizi imeng'ang'ania mawe, na msitu unashuka mpaka unagusa maji. Hamna ufukwe. Hamna ile sehemu ya mchanga ya kutandika kanga na kufungua hotipoti. Ni mti, jiwe, maji.

Pale juu ukingoni tulimkuta mzee amekaa kwenye kivuli na fimbo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Mnashuka?"

Binamu akawahi, tunashuka babu, tunataka kuoga kidogo, jua kali. Mzee akaliangalia lile taulo muda mrefu hivi, halafu akasema kwa upole tu, "Kuangalia, angalieni. Yale maji yana wenyewe."

Binamu akauliza wenyewe ndo kina nani. Mzee akacheka, akasema angekuwa anawajua kwa majina asingekaa huku juu. Halafu akatupa stori, na nadhani kila aliyewahi kwenda Chala ameshapewa toleo lake. Kwamba palikuwa na boma kubwa la Wamasai, watu, ng'ombe, mbuzi, kuku, siku moja ardhi ikafunguka ikawameza wote na maji yakafunika, na mpaka leo ukitulia pale chini utawasikia, ng'ombe wanalia, kuku wanawika. Kwamba ziwa halina mwisho. Kwamba linabadilika rangi, na likibadilika usishuke. Kwamba maji yake yanatembea chini kwa chini na kutokea kwenye chemchemi huko Taveta. Dhahabu ya Mjerumani hakuigusia, nikashangaa, maana nchi hii kila shimo lina sanduku la Mjerumani.

Hii ya boma lililozama siyo ya kutungiwa watalii. Wazungu waliopita njia ya Taveta karne ya 19 walisimuliwa hiyo hiyo, tena na hao mifugo wanaolia. Mwaka 1891 akaja mama mmoja Mmarekani, May French Sheldon, na msafara wa wapagazi wake, wapagazi ndo waliompa jina la Bibi Bwana na jina likabaki kwenye historia. Alishuka mpaka majini, wakabebeshana chombo cha kuelea kwenye hizo kuta, akalizunguka ziwa akielea. Mi huwa namuwaza zaidi mpagazi. Bibi Bwana alikuja kutafuta jina, yeye alikuja kutafuta posho, na anaambiwa abebe boti kwenye genge ashuke nalo kwenye maji ambayo kila mtu kijijini anasema yana wenyewe. Kitabu kimeandikwa na bibi, cha mpagazi hatunacho.

Na tarehe 8 Machi 1916, kwenye vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Jenerali Smuts, wa upande wa Waingereza, lilipokuwa linawasukuma Wajerumani watoke Taveta, wapanda farasi wake walishika kwanza hizi hizi kingo za Chala. Ni ukingo unaotawala tambarare yote ile, ukisimama pale unaelewa kwa nini mtu angeutaka.

Tukashuka. Njia ni ya kuteleza, kokoto zinakimbia chini ya kiatu, unashika tawi, tawi lina miiba, nyani wanakuangalia kama wakaguzi. Joto linaongezeka kadri unavyoshuka kwa sababu upepo wote umebaki juu. Na kelele zote pia zimebaki juu, au ndivyo nilivyodhani, mpaka tulipofika kwenye mawe ya mwisho tukanyamaza kupumua na mimi nikasikia kengele ya ng'ombe.

Nisieleweke vibaya, niliisikia wazi kabisa. Kwa-kwa, kwa-kwa, ile kengele ya bati, na ilikuwa inatoka kwenye maji mbele yangu. Halafu sauti ya mwanamke anaita jina, anarefusha mwisho wa jina, kutokea hapo hapo majini. Nywele za mkono zilisimama. Binamu na domo lake lote alinyamaza. Tulikaa hivyo labda dakika mbili mpaka nikaona kwa mbali sana, upande wa Kenya, juu kabisa ukingoni, vitu vyeupe na kahawia vinatembea vidogo kama punje za maharage. Ng'ombe. Upana wote wa ziwa uko kati yetu, na kengele inasikika kama iko hatua kumi.

Kwa hiyo nasema wazee hawakudanganya. Umechukua bakuli la mawe lenye kuta pande zote na maji yaliyotulia katikati, sauti ikidondoka humo haina pa kwenda, inagonga kuta, inateleza juu ya maji, inakufikia ikiwa imepoteza mwelekeo, na akili yako inaiweka pale macho yako yanapoangalia, yaani majini. Mtu wa kwanza aliyeshuka hapo akasikia ng'ombe na kuku na watu, hakuona boma, akapanda kwenda kusimulia, ulitaka aseme nini? Mimi ninayejua mwangwi ni nini nilitetemeka.

Na volkano ni kweli. Hii ni kreta, ardhi ilishawahi kufunguka hapa kweli kweli, ingawa zamani mno kiasi kwamba hakukuwa na Mmasai wala ng'ombe wake wa kumezwa. Wanasayansi walitoboa matope ya chini ya ziwa mwaka 2016, mradi wa mataifa mengi, wakatoa nguzo ya mashapo zaidi ya mita 200 yenye kumbukumbu ya kama miaka 250,000. Hapo ndipo ile ya "halina mwisho" inanifurahisha. Maji yenyewe kina chake katikati ni mita 90 na ushee, yaani jengo la ghorofa 25 hivi ukilizamisha linapotea na antena yake. Halafu ukifika chini hujafika chini, ni tope laini mita mia mbili nyingine. Mzee akifunga jiwe kwenye kamba yake ya kisimani akalishusha humo atapata jibu gani? Halina mwisho. Kwa kamba aliyokuwa nayo hakukosea.

Rangi nayo inabadilika kweli. Katikati ya mwaka, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, kunakuwa na ubaridi na upepo, maji ya juu yanapoa yanachanganyika na ya chini, virutubisho vinapanda, na vijimea vidogo vya diatomu vinazaliana kwa fujo, ziwa linaacha ubluu wake linakuwa la kijani. Vikifa vinazama vinatengeneza utando mweupe, halafu msimu mwingine utando mweusi, mweupe mweusi mweupe mweusi, mwaka baada ya mwaka kama mistari ya kitabu cha mahesabu cha duka, na ni kwa kuisoma hiyo mistari ndo wataalamu wanasema mvua za Afrika Mashariki zilikuwaje miaka 25,000 iliyopita. Babu yeye aliisoma kwa njia fupi zaidi: likibadilika usishuke. Na msimu wa upepo kwenye ziwa lisilo na ufukwe, sioni kosa la ushauri huo.

Iliyonisumbua ni ya maji kutembea chini kwa chini. Piga hesabu ya dukani tu: mvua ya pale ni kama milimita 600 kwa mwaka, jua na upepo vinakausha kama 1,700. Hasara mita moja na zaidi kila mwaka. Kwa kina cha mita 90 na ushee, bila kitu kingine ziwa lingekuwa limekauka ndani ya umri wa bibi yangu, na bibi yangu ameliacha lipo. Kwa hiyo maji yanaingia kwa chini, ni mvua iliyonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro ikazama kwenye mawe ya volkano ikaja kutokea humu. Na yanatoka pia kwa chini, ndo maana mpaka leo ni maji baridi siyo magadi. Nusu ya hekaya imeshapita mtihani hapo. Ila ile nusu nyingine, ya kwamba ndo yanatokea kwenye chemchemi za Taveta, watu waliipima miaka ya 1960, wakaweka alama ya tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi inayoweza kufuatiliwa majini, ndani ya ziwa wakawa wanaangalia chemchemi za jirani, na maji ya ziwa wakakuta hayana mchango wa maana kwenye hizo chemchemi. Chemchemi zinakunywa kutoka mlimani moja kwa moja. Ni ndugu wa Chala, mama mmoja, ila siyo watoto wake. Sijui kama kuna aliyerudi kumwambia babu.

Basi tukiwa hapo chini binamu ameshavaa kaptula.

Turudi sasa kwenye mamba. Mwaka 2002, mwezi wa tatu, binti wa Kiingereza wa miaka 18 aliyekuwa Afrika Mashariki kwenye mapumziko yake kabla ya chuo alikuwa anaogelea Chala na wenzake, usiku, na mamba akamchukua. Taarifa za kipindi kile zilisema vijana wale walikuwa wameambiwa ni salama. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi. Hawakuwa wajinga waliopuuza bango. Waliambiwa. Na najua kabisa waliambiwaje, kwa sababu na mimi nimeambiwa, kwa sauti ile ile ya kirafiki ya mtu anayetaka mgeni wake afurahi.

Sasa fikiria hiyo sentensi imezaliwaje. Mamba wa Nile anaweza kukaa chini ya maji muda mrefu sana bila kupumua, mara nyingi anawinda jioni na usiku, na akiwa juu unaona pua na macho tu. Weka mnyama wa hivyo, tena wachache, kwenye ziwa la kilomita nne za mraba lenye kuta za msitu ambako watu wanashuka mmoja mmoja mchana. Mwaka mzima unaweza kupita hakuna aliyemuona. Kijiji hakioni mamba miaka mitatu, mtu mmoja anasema labda wameisha, wa pili anaondoa "labda", wa tatu anaongeza "zamani", na sentensi imekamilika. Kuthibitisha kwamba yupo unahitaji kumuona mara moja. Kuthibitisha kwamba hayupo unahitaji mtu ashuke usiku na tochi, alizunguke ziwa lote akitafuta macho mekundu yanayorudisha mwanga, tena usiku mwingi siyo mmoja. Jamaa wa bodaboda hakufanya hivyo. Dada wa ndizi hakufanya hivyo.

Kuna na stori nyingine, kwamba mamba waliletwa na mlowezi wa Kizungu aliyewamwaga humo makusudi. Inapendwa kwa sababu inajibu swali zuri, ziwa halina mto, mamba kafikaje? Ila mamba anatembea. Mto Lumi uko kilomita chache tu kutoka hapo, na mamba akikaukiwa au akifukuzwa na mkubwa wake anavuka nchi kavu usiku bila kuomba ruhusa ya mtu. Hahitaji mlowezi. Na ubaya wa hiyo stori ni kwamba inawafanya mamba wawe wageni walioletwa kwa idadi, wakiuawa basi wameisha, hawana pa kutoka wengine. Kumbe mlango uko wazi muda wote.

Linganisha na "yale maji yana wenyewe". Haisemi ni nani. Haisemi wangapi. Haina tarehe ya kuisha. Ukiniuliza kama onyo la usalama hiyo sentensi imetengenezwa vizuri kuliko mabango mengi niliyoyaona, kwa sababu ndani ya hao "wenyewe" unaingia mamba, linaingia genge la mawe, yanaingia maji ya baridi ya chini, na hata jambo ambalo bado halijatokea limo. Babu hakuwa na haja ya kumuona mamba mwaka huu ili aendelee kuwa sahihi. Simaanishi kila hekaya ina hekima, kuna hekaya zimechoma vibibi vya watu moto kwa macho mekundu tu, sizipigii debe zote. Nasema hii, ya hapa, imefanya kazi.

Na hata ungeondoa mamba kabisa. Binamu alikaa kwenye jiwe akaingiza miguu, akasema maji ya uvuguvugu, matamu. Akateleza kidogo akitafuta pa kukanyaga, na hapo ndo nikaona sura yake inabadilika, alikuwa amenyoosha mguu mpaka pajani na hakuna kitu. "Hamna chini," akasema. Jiwe moja, halafu utupu. Akasema vidole vya chini vinasikia baridi na goti linasikia joto. Pale hakuna mwokoaji, hakuna boya, na ukipata tatizo mtu anayekwenda kuita msaada anapanda kwanza hizo kuta.

Wakati bado anajadiliana na mguu wake akashuka mtoto wa miaka kumi hivi, kandambili, anateremka kwenye kokoto kama anashuka ngazi za kwao. Ana kidumu cha lita tano na kamba. Akatusalimia shikamooni, akaenda kwenye jiwe refu pembeni, siyo lile la karibu na maji, lile refu. Akafunga kamba kwenye mkono wa kidumu, akakirusha, akakiacha kilale kinywe maji, akavuta taratibu. Hakuinama. Hakunawa uso na jua lote lile. Alisimama hatua mbili nyuma ya ukingo muda wote, na macho yake hayakutoka kwenye maji hata wakati anaongea na sisi.

Binamu akamuuliza, "Dogo, eti humu kuna mamba?"

"Hamna," mtoto akajibu. "Walishaisha."

"Kwa hiyo we huwa unaoga hapa?"

Mtoto akamwangalia kama ameulizwa swali la ajabu. "Mi naogea nyumbani."

Akajitwisha kidumu, akapanda. Binamu akatoa miguu, akaikausha na lile taulo mpaka katikati ya vidole, akavaa soksi.